Udongo Haufichi Siri

Mwaka 1908, Otenyo wa Abagusii alimchoma mkuki Northcote, mtawala wa Kiingereza. Askari wakaja, wakachoma nyumba na kuua. Huko Kisii, iliko Keumbu, wazee hushikilia kuwa kichwa cha Otenyo kilipelekwa Uingereza.

London hiyo hiyo, British Museum imehifadhi vyungu vya Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi, avifinyangavyo kwa mkono bila gurudumu. Chungu cha Mwafrika kimepewa heshima. Kichwa chake je?

Sisi wa pwani, wenye bakuli za Kichina katika kaburi la nguzo la Mambrui, twajua udongo hutunza habari. Twajua pia kwamba binadamu katokana na udongo, na kumstiri maiti ni faradhi. Basi dai la Abagusii ni letu sote.