Jembe Si Fimbo

Lipo neno ambalo walimu wenzangu hawapendi kulisikia, nami nalisema bila kumung'unya: sisi shuleni ndio tuliowafundisha watu kuichukia bustani. Mtoto akichelewa, akalime. Akipiga kelele, akalime. Akikosa hesabu, akalime. Kisha twashangaa kumwona msomi aliyejenga nyumba nzuri, ua wote kaufunika kwa saruji, halafu anamtuma mtoto gengeni kununua fungu la matembele!

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea. Alitaka shamba la shule liwe sehemu ya masomo. Hakusema liwe gereza. Chuoni nilikosomea ualimu tulilichukua shamba kuwa darasa, na nilipokuwa mwalimu mkuu nilipiga marufuku jembe kutumika kama adhabu. Wapo walionicheka.

Tazama tuta moja tu la matembele lina masomo mangapi. Mtoto huchagua shina lenye afya, akalikata kiasi cha sentimita 30. Huchanganya udongo na samadi iliyooza sawasawa, maana mbichi huunguza mizizi. Huzika vifundo viwili au vitatu, kwa kuwa mizizi hutokea kwenye vifundo. Hiyo ni sayansi. Hupima nafasi kati ya shina na shina; hiyo ni hesabu. Humwagilia mpaka yashike, kisha hungoja wiki kadhaa kabla ya kuchuma. Hiyo ni subira, ambayo haimo katika mtihani wowote. Na kuchuma kwenyewe kuna adabu: chukua ncha changa, acha majani ya kutosha, nalo shina litachipua tena. Anayepukutisha yote kwa siku moja hana tofauti na mtu anayemkamua ng'ombe mpaka damu.

Wengine hunijibu, "Mwalimu, mboga sokoni ni rahisi, ya nini kujichosha?" Nami nawauliza: mwajua zimemwagiliwa maji gani? Pale Dar es Salaam, bonde la Mto Msimbazi limelimwa mboga miaka mingi, na mto huo hupokea maji machafu ya jiji. Urahisi wa bei usikufumbe macho. Wengine hudai hawana nafasi. Gunia moja la udongo na samadi, likiwekwa penye jua, latosha kuanzia.

Kwenu walimu vijana nina ombi moja. Mtoto mkosaji mtafutieni njia nyingine ya kumrudi. Jembe mpeni yule aliyefanya vizuri, tena mbele ya wenzake, na mboga atakayoivuna aipeleke kwao kwa fahari. Samaki mkunje angali mbichi. Tukiendelea kuugeuza udongo kuwa adhabu, tusije tukalia njaa huku tumekanyaga chakula.