Maji ya Matogoro na Umeme wa Kuyasafisha

Mwananchi wa Mafia akisikia habari za majitaka ya Songea ana haki ya kuuliza zinamhusu nini. Jibu liko katika milima ya Matogoro. Humo mna chemchemi za mito mitatu: Luhira, unaowanywesha wakazi wa Songea na kuelekea Ziwa Nyasa; Ruvuma, unaoingia baharini mpakani na Msumbiji; na Luwegu, ambao hukutana na Kilombero ukawa Rufiji. Delta ya Rufiji inatazamana na Mafia. Kinachomwagwa bara, hasa kile kisichooza, huweza kufika kwenye kamba na samaki wa ndugu zetu hao.

Sisi tuliopitia chuoni kabla ya kuingia shule ya serikali tulifundishwa kuyapima maji kwa mambo matatu: rangi, ladha na harufu. Kipimo hicho ni chema na kingali kinatufaa. Lakini mabaki ya dawa za hospitali na kemikali za maabara huweza kuwamo majini bila ya kubadili hata moja katika hayo matatu. Mabwawa ya majitaka nayo, yanayotegemea jua, mwani na bakteria, hayawezi kuyamaliza yote.

Ndipo wataalamu wanapoleta njia ya uoksidishaji kwa umeme. Mabamba hutumbukizwa katika majitaka na kupitishiwa umeme. Kwenye bamba chanya, ambalo huwa la titani iliyopakwa oksidi za metali, au la almasi ya kutengenezwa iliyotiwa boroni, maji yenyewe huzaa chembe kali mno. Chembe hizo hazidumu hata sekunde, lakini huivunja kemikali iliyo karibu, na kazi ikikamilika hubaki hewa ya kaboni, maji na chumvichumvi.

Hata hivyo hatukubaliani na yeyote atakayedhani mtambo huo utachukua nafasi ya mabwawa. Majitaka ya mji mzima ni mengi. Kuyapitisha yote kwenye umeme ni kuifilisi hazina. Umeme utumike pale sumu inapozaliwa, kwenye bomba la hospitali na la maabara, kabla haijachanganyika na maji mengine. Enzi za jenereta za dizeli wazo hili lingekuwa mzaha Songea. Tangu mwaka 2018, Gridi ya Taifa ilipofika kutoka Makambako kwa njia ya kilovolti 220, si mzaha tena.

Visiwani kuna jambo la kuangaliwa zaidi. Maji ya chumvi hupitisha umeme kwa wepesi, na gharama hushuka. Lakini chumvi hiyo hiyo huzaa klorini, na klorini ikikutana na uchafu huzaa misombo mipya, mingine yenye madhara kuliko uchafu wa awali. Ofisa anayeletewa mtambo wa hoteli ya pwani asiridhike kuonyeshwa bilauri ya maji meupe. Adai vipimo vya masalia hayo, maana matumbawe hayasomi cheti cha muuzaji.

Wala mtambo haumsamehe anayelima juu ya chemchemi: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na mita zake 60 iko pale pale.

Tunaiomba serikali ianze na hospitali moja tu ya mkoa, mwaka mzima, masika na kiangazi. Hesabu ya umeme kwa kila lita 1,000 itangazwe hadharani. Ikionekana kuwa bei haishikiki, wananchi waambiwe hivyo, na mabamba yarudishwe ghalani.