Elimu ya Raia: Kura ya Kuwapanga Wagombea

Wasomaji wetu wa Thika na Ruiru, juma hili twapenda kueleza jambo ambalo wengi wamelisikia kwa mbali, nalo ni kupiga kura kwa kuwapanga wagombea: wa kwanza, wa pili na wa tatu. Huko Australia wabunge wa Baraza la Chini huchaguliwa kwa njia hii tangu sheria ya mwaka 1918. Watu wa Ireland humchagua Rais wao vivyo hivyo, na Papua New Guinea, nchi yenye makabila na lugha nyingi kuliko zetu, kila mpiga kura huandika majina matatu kwa mfuatano.

Mkulima hana haja ya kusafiri mbali ili aifahamu njia hii. Aendapo kununua miche ya kahawa huwa amekwisha kuazimia: atachukua Ruiru 11; ikiwa imekwisha, atachukua Batian; na hiyo ikikosekana, SL28. Harudi nyumbani mikono mitupu kwa sababu lile alilolitaka kwanza halikupatikana. Kura ya kupanga ndiyo hiyo.

Tufanye mfano. Chama cha ushirika chenye wanachama 100 chamchagua mwenyekiti. Wagombea ni watatu, nao wana alama za Jembe, Taa na Ndoo. Jembe apata kura 40, Taa 35, na Ndoo 25. Kwa desturi yetu Jembe ameshinda, ijapokuwa watu 60 walimtaka mwingine. Kwa kura ya kupanga, hesabu haijaisha, kwa maana hakuna aliyepita nusu. Aliye mwisho, yaani Ndoo, huondolewa, na karatasi zake 25 hutazamwa tena ili kuona waliomweka nani wa pili. Tuseme 20 walimwandika Taa na 5 Jembe. Basi Taa sasa ana 55 na Jembe 45, na Taa ndiye mwenyekiti. Wagombea wakiwa wengi zaidi, kazi hiyo hurudiwa mpaka mmoja apite nusu ya kura zilizobaki katika hesabu.

Yafaa kuangalia mambo mawili hapa. Kwanza, kila mtu ana kura moja tu, nayo huhama. Pili, kumwandika mtu wa pili hakumdhuru yule wa kwanza, kwa sababu chaguo la pili halitazamwi mpaka wa kwanza awe ameondolewa.

Wazee watakumbuka kura nyingine iliyokuwa na hesabu ya tatu, nao vijana wasizichanganye mbili hizi. Machi 1957, Waafrika wa Kenya walipowachagua wajumbe wao wanane wa Baraza la Kutunga Sheria, mtu mmoja aliweza kupewa kura hadi tatu kwa kadiri ya elimu yake, mapato yake, mali yake au utumishi wake. Tena Wakikuyu, Waembu na Wameru walitakiwa kwanza wawe na hati ya kuthibitisha uaminifu wao kwa serikali. Mwaka ule waliopangwa kwa madaraja walikuwa wapiga kura. Katika kura tunayoieleza, wapangwao ni wagombea, na wapiga kura wote ni sawa.

Je, jambo hili lina maana gani kwetu? Tutazame uchaguzi wa Desemba 1992. Bwana Moi alipata kiasi cha kura 36 katika kila 100, Bwana Matiba 26, Bwana Kibaki 19 na Bwana Odinga 17. Mkoa wa Kati wengi walimpa Matiba, na waliomfuata walimpa Kibaki. Sheria ya siku zile haikudai nusu ya kura, bali kura nyingi kuliko wengine na robo ya kura katika mikoa mitano. Kwa hiyo Bwana Moi aliendelea kuwa Rais kwa haki ya sheria. Hakuna awezaye kusema wale wa Matiba wangemweka nani wa pili, kwa kuwa karatasi haikuwauliza. Hilo ndilo neno lenyewe.

Katiba ya mwaka 2010 ilirekebisha sehemu moja. Rais lazima apate zaidi ya nusu ya kura, na robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti 47. Akikosa, wawili wa mbele hurudia uchaguzi. Lakini gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na mwakilishi wa wodi hushinda kwa kura nyingi tu, hata kama ni 30 katika 100.

Kwa hiyo twawaonya wasomaji: katika uchaguzi wa Kenya usiandike 1, 2, 3. Karatasi ni sita, na kila moja yataka alama moja kwa mgombea mmoja. Zaidi ya hapo waweza kuiharibu kura yako.

Kwa kuwa karatasi haitakuuliza chaguo la pili, lifikirie mapema. Andika nyumbani majina matatu kwa mfuatano, ujiulize kwa nini. Ukiona wawili wenye nia moja watagawana kura zenu, semeni nao kabla ya uteuzi, na mwende kwenye kura za mchujo za vyama, ambazo wengi huzidharau. Nawe karani uliyehamia Ruiru kutoka mbali, hamisha usajili wako mapema kwa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, uhakikishe jina lako limo, na siku ya kura usisahau kitambulisho.

Wanachama wa ushirika nao washauriane. Ikiwa sheria ndogo za chama chao zaruhusu, waijaribu kura ya kupanga katika kuchagua kamati, kisha waone kama mwenyekiti apatikanaye atasikilizwa na watu wengi zaidi.