Mwulize Fundi Maji Yanatoka Wapi

Hebu tazama kuta za nyumba yako. Tazama pembeni, nyuma ya kitanda, na juu karibu na paa. Je, unaona madoa meusi au ya kijani? Je, chumba kinanuka uvundo hata mlango ukiwa wazi?

Huo ni ukungu. Si ukungu ule wa asubuhi wa kule Newala. Huu ni kuvu, kama ile inayoota juu ya ugali uliolala. Wako watu husema ni mkono wa jirani. Hapana. Ni maji.

Ukungu hutoa vumbi jepesi ambalo macho hayalioni. Tukilivuta, tunakohoa na kubanwa kifua. Mwenye pumu huzidiwa. Watoto wadogo huumia kuliko wakubwa. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mzima juu ya unyevu na ukungu majumbani.

Sikiliza habari hii ya Uingereza. Katika mji wa Rochdale, mwaka 2017, baba mmoja alieleza kwamba nyumba yake ya kupanga ina ukungu. Aliambiwa apake rangi juu yake. Ukungu ukaendelea kuota. Desemba 2020 mwanawe, Awaab Ishak, alifariki akiwa na umri wa miaka miwili. Novemba 2022 ofisa anayechunguza vifo alitamka kwamba ukungu ule ndio uliomwua.

Na sisi tunafanya hivyo hivyo, ila tunatumia chokaa. Korosho zikishauzwa, fedha ipo mkononi. Fundi anakuja na ndoo na brashi. Anapaka siku moja, ukuta unang'aa, anachukua fedha yake. Mvua zikikolea madoa yanarudi pale pale, na fundi yuko kijiji kingine. Mimi nasema fundi wa namna hiyo hakutengeneza kitu. Amefunika tu.

Basi utamjuaje fundi hodari? Mtazame anavyoanza kazi. Fundi hodari hagusi brashi kwanza. Anazunguka nyumba. Anapanda kutazama paa, kama makuti au nyasi zimeoza, au kama bati lina matundu penye misumari. Anapima upenu kwa macho: ukiwa mfupi, mvua hupiga ukuta. Anatazama msingi, kwa sababu tofali lililokaa juu ya ardhi tupu hunyonya maji kutoka chini. Uwandani juu, ambako visima ni shida na kila mwenye bati hukinga maji ya mvua, atakwenda moja kwa moja penye pipa. Mara nyingi adui yuko hapo. Mfereji wa bati unavuja, au pipa likijaa linamwagikia ukutani usiku kucha. Tunashukuru kupata maji, huku nyumba inaoza.

Mwulize, "Fundi, maji haya yanatoka wapi?" Akijibu, "Usijali mama, nina dawa kali," mwage. Akikuambia anyunyize salfa, mwage upesi zaidi. Salfa ni ya ubwiri unga wa mikorosho. Ndani ya nyumba itawachoma macho na vifua.

Fundi anayejua kazi ataziba maji kwanza. Kisha atangoja ukuta ukauke, ndiyo maana kazi hii ni ya kiangazi. Atakuambia utoe watoto na chakula chumbani. Atajifunga kitambaa puani na mdomoni. Hatapangusa ukuta mkavu, kwa kuwa vumbi litaruka nyumba nzima. Ukuta wa saruji ataulowesha na kuusugua kwa maji ya sabuni. Wa udongo atauchovya maji kidogo, akwangue sehemu iliyooza, kisha akandike upya. Chokaa huja mwisho kabisa.

Cheti cha VETA ni kizuri, lakini kisikutoshe. Wapo wazee wa Masasi wasio na cheti ambao nyumba zao hazijapata doa. Mwambie fundi akupeleke kwenye nyumba aliyoitengeneza kabla ya mvua za mwaka jana. Mwombe mwenye nyumba ruhusa uguse ukuta. Umenuka? Una ubaridi wa maji? Mkono wako utakupa jibu.

Mkikubaliana, andikeni. Wewe sasa unajua kusoma na kuandika, itumie elimu hiyo. Andikeni kazi gani itafanywa, kwa fedha ngapi, na lini. Mwenyekiti wa kitongoji awe shahidi. Kila mmoja abaki na karatasi yake.

Jambo moja fundi asikudanganye. Kama kuna mtu nyumbani anayekohoa wiki mbili au zaidi, usingoje ukuta ukauke. Mpeleke zahanati akapimwe kifua kikuu. Ukungu hauleti kifua kikuu, na kusugua ukuta hakukitibu.

Kuhusu malipo, usitoe fedha zote siku ya kwanza. Toa za vifaa, kisha toa nyingine kazi ikiisha. Sehemu ndogo ibaki kwako mpaka mvua kubwa mbili zinyeshe na ukuta ubaki mkavu. Fundi atanung'unika. Mwonyeshe karatasi aliyotia sahihi.