MGENI ASIYEPIGA HODI



Mwezi huu hatuandiki juu ya mishahara, ingawa jambo lenyewe litaishia katika mishahara. Twaandika juu ya mbegu na miche inayoingia nchini kutoka nje, na juu ya wadudu na magonjwa yanayojificha ndani yake. Huenda mtu akauliza: Hayo yanamhusu nini mchuma chai wa Nyansiongo, au mfanya kazi wa kiwanda cha Ogembo? Jibu letu ni hili: yanahusu sufuria yake.

Tukumbuke yaliyotupata. Mwezi wa Septemba 2011 ugonjwa mpya wa mahindi, uitwao MLN, ulionekana Bomet, jirani ya Borabu. Mwaka 2012 ulikuwa umekwisha kuingia mashamba ya Nyamira na Kisii. Majani yaligeuka manjano, yakakauka kuanzia pembeni, na mahindi yakazaa magunzi matupu. Dawa ya kuyaponya haikuwako. Wakulima wakaambiwa wang'oe mahindi yao, wachome moto, na msimu uliofuata wapande kitu kingine. Wataalamu walikadiria ya kwamba mwaka 2013 Kenya nzima ilipoteza kama tani 500,000 za mahindi, yaani zaidi ya sehemu moja katika tano ya mavuno ya kawaida.

Nani aliyelipa hasara hiyo? Mfanya kazi aliyetegemea kishamba chake nyuma ya nyumba alijikuta akinunua kila gorogoro pale Daraja Mbili, kwa mshahara ule ule. Hatujapata kumwona mwajiri aliyeongeza malipo ya kilo ya majani mabichi kwa sababu mahindi ya mchumaji yamekufa.

Sasa, ugonjwa huo huletwa na virusi vya aina mbili vikikutana. Aina ya kwanza, ile ya miwa, ilikuwako hapa tangu zamani wala haikutumaliza. Aina ya pili ilikuwa ngeni. Ilijulikana Peru na Marekani katika miaka ya 1970, na huku kwetu haikuonekana mpaka 2011. Mgeni alipokutana na mwenyeji, shamba likafa. Sisi wa chama twajua nguvu ya muungano. Basi tujue ya kuwa na maadui nao huungana. Virusi hivyo husafiri ndani ya mbegu na juu ya vidudu vidogo vya majani. Na katika vilima vyetu, ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima na mahindi hufuata mahindi, ugonjwa haukosi makao.

Wala si mahindi peke yake. Mnyauko wa migomba ulionekana Uganda mwaka 2001, na mwaka 2006 ulikuwa umevuka kuingia Kenya ya magharibi. Huo huchukuliwa kwa machipukizi na kwa panga lililokata mgomba mgonjwa. Viwavijeshi vipya kutoka Amerika vilionekana Afrika Magharibi mwaka 2016, na mwaka 2017 vilikuwa Kenya.

Sheria ya kuzuia mambo haya iko. Mataifa yalitia sahihi mapatano ya kulinda mimea huko Roma mwaka 1951. Hapa Kenya kazi hiyo ni ya shirika la KEPHIS. Atakaye kuleta mmea au mbegu kutoka nje yampasa kupata kibali kwanza, kabla mzigo haujatoka huko uliko, na mzigo uje na cheti cha afya. Mkaguzi ana haki ya kuuzuia na hata kuuharibu.

Wako wanaosema, "Sheria hizo ni za kututesa. Mababu zetu walibadilishana mbegu bila karatasi." Ni kweli walibadilishana. Tena mahindi yenyewe asili yake ni Amerika, na chai ililetwa Limuru kutoka India mwaka 1903. Hatusemi wageni wasije. Twasema wapige hodi, na mwenyeji awaulize habari za watokako kabla ya kuwakaribisha ndani. Hiyo ndiyo maana ya kibali.

Lakini sheria ikimkamata mama mwenye machipukizi matatu kapuni pale Isebania, na kumwachia tajiri mwenye lori la mbegu, hiyo si sheria, ni uonevu. Kwa hiyo twataka mambo matatu. Kwanza, wakaguzi wawe wa kutosha mipakani na bandarini, wapewe vyombo vya kazi na mshahara wa haki, ili wasiwe na tamaa ya mkono wa chini ya meza. Pili, mwananchi akiamriwa kung'oa mazao yake kwa faida ya nchi nzima, nchi nzima imsaidie kwa mbegu za maharagwe au viazi, asiachwe na njaa yake. Tatu, dereva au mpakizi atakayetoa habari za mzigo usio na cheti asifukuzwe kazi.

Nasi tuna wajibu wetu. Tusinunue mbegu iliyofunguliwa wala isiyojulikana itokako. Tusichukue machipukizi kutoka shamba lenye ugonjwa, hata likiwa la shemeji. Panga lipitishwe motoni kabla ya kuingia migombani. Mahindi yapumzishwe msimu mmoja, tupande kunde, viazi au mboga. Na mwenye kuona ugonjwa asioujua asifiche kwa aibu; amwite afisa wa kilimo siku hiyo hiyo.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwaka 2012 ukuta tulijenga sisi, kwa jasho letu. Ufa mwingine ukionekana, tuwe wa kwanza kupiga kelele.

UMOJA NI NGUVU.