AFYA YA MWILI: Uvimbe wa kiunoni usiokuwa jipu

Wazazi wengi wakiona uvimbe laini nyuma ya kiuno cha mtoto au cha mzee, husema upesi, "Ni jipu," wakatafuta wembe au pembe ya kuumikia. Twawasihi waweke wembe chini kwanza, kwa maana pengine chini ya ngozi ile hamna usaha, bali utumbo.

Tumezoea kudhani ya kuwa ngiri hutokea kinenani au kitovuni tu. Kumbe ukuta wa nyuma wa tumbo nao una milango yake. Msomaji ajishike kiuno: juu atapapasa ubavu wa mwisho, yaani wa 12, chini atakuta ukingo wa mfupa wa nyonga. Kando ya uti wa mgongo, kati ya ubavu ule na nyonga, hamna mfupa. Ukuta wote ni misuli, tabaka juu ya tabaka, nyuzi za hii zikielekea huku na za ile kule, mfano wa mkeka. Lakini kuna mahali pawili ambapo kingo za misuli hazikutani, ikabaki nafasi ya pembe tatu.

Nafasi ya chini i juu ya ukingo wa nyonga, kati ya msuli mpana wa mgongo na msuli wa nje wa ubavuni. Huitwa kwa jina la Jean-Louis Petit, mpasuaji wa Paris (1674-1750). Ya juu i chini ya ubavu wa 12. Grynfeltt aliieleza mwaka 1866, naye Lesshaft mwaka 1870, na vitabu vingine huipa majina yote mawili: heshima kubwa kwa tundu dogo! Ngiri hupita huku juu mara nyingi zaidi, lakini msuli mpana huifunika, hata isionekane vema.

Ngiri za namna hii ni chache, ndiyo sababu hata waganga huzisahau. Watoto wengine huzaliwa nazo. Huwapata pia wazee waliokonda, wenye kikohozi cha siku nyingi, na watu waliopasuliwa au kuumia kiunoni.

Mgonjwa akisimama na kukohoa, uvimbe hutuna; akilala, mara nyingi hurudi ndani. Hata hivyo tusijifanye waganga. Kifua kikuu cha uti wa mgongo huweza kutoa jipu lisilo na moto papo hapo penye pembetatu ya Petit, na kulipambanua na ngiri ni kazi ya daktari mwenye mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili.

Uvimbe ukiwa mgumu, ukiuma, ukikataa kurudi, na mgonjwa akitapika au kukosa choo, afikishwe hospitali siku ile ile: utumbo umebanwa, damu haiufikii. Mpasuaji huurudisha ndani na kuufunga mlango, mara nyingi kwa kushonea wavu.