Ngita bila waya: tununue ao tungoje?



Tangu feza za kwaya zilihesabiwa, hakuna habari ingine katika masomo yetu. Wapiga ngita wanataka kile chombo kidogo cha kupeleka sauti bila waya: kipande kimoja kinaingia katika ngita, kingine katika ampli, basi imeisha. Wengine wanasema ni kiburi cha vijana. Sisi wa gazeti hili tulikaa juu ya jambo hili mara mbili, na hatukubali upande wowote mzima mzima.

Tuanze na kiburi, sababu wazee walianza na hicho. Wanaogopa mpiga ngita asiyefungwa na waya atashuka katikati ya viti na kucheza sawa watu wa bar. Kweli, kuna mmoja wetu mwenye kuweza hiyo (tunamjua wote, jina tunaliacha). Lakini waya haijamzuia hata leo. Na kwa wale wanaozani chombo kipya kitawapa vidole vipya, wamukumbuke Mwenda Jean Bosco: katika mwaka 1952, pale Jadotville, leo Likasi, alipiga «Masanga» mbele ya mashine ya Hugh Tracey na ngita tupu, bila umeme hata kidogo. Nani kati yetu anamufikia?

Jambo kubwa ni lingine. Wote mlikuwa pale siku ya mazoezi mbele ya Pasaka, jenereta inanguruma inje. Mwenzetu alishika nyuzi za ngita, akasogeza mdomo kwa mikro aimbe. Akapiga kelele, akaanguka na ngita yake. Tulicheka kwanza. Kisha tuliona midomo yake, tukanyamaza.

Mwalimu wetu wa fizika alitueleza. Nyuzi za ngita ni chuma, na waya ya ngita inaziunganisha na mwili wa ampli. Kama ampli haifungwi kwa udongo, na ndani yake umeme unatoroka, ule umeme unakuja mpaka kwenye vidole. Mikro nayo imefungwa kwa chombo kingine. Mtu akigusa huku na huku, yeye mwenyewe anakuwa waya. Si hadisi: katika mwaka 1972, kule Swansea, mpiga ngita Les Harvey aligusa mikro mbele ya watu, akafa. Katika Desemba 1976 Ace Frehley wa Kiss (muziki wake hatuusifu) alipigwa na umeme kule Lakeland, Marekani. Alipona, na kisha akaanza kutumia ngita bila waya.

Basi wapiga ngita wako na haki, na wazee wasifanye hiyo kuwa mchezo. Bila waya, nyuzi hazina njia ya kufika kwa ampli.

Lakini tuulize: mwenye bass je? Yeye anabaki na waya. Na dada zetu waimbaji, wanaoshika mikro na kiganja chenye jasho, mguu mwingine bila kiatu juu ya sima? Kile chombo kinalinda mtu mmoja, wengine wanabaki katika hatari ileile.

Tena, vile vya bei rahisi vinapita kwa gigahezi 2.4, njia ileile ya Wi-Fi na Bluetooth. Siku kanisa likijaa simu, sauti inaweza kukatika katikati ya wimbo. Na batiri yake inachoka kisha saa chache. Kwetu umeme wa kuichaji hauna ahadi. Mmoja alisema sauti inachelewa. Hiyo tunaikataa: vingi vyao vinachelewa milisekunde tano hivi, ni sawa kusimama metre moja na nusu ao mbili mbali na bafle. Sikio halilalamiki.

Mawazo yetu ni haya. Franka za kwanza ziende kwa udongo: chuma kirefu cha kuchimbia chini, waya nene ya shaba, na fundi wa kweli, si rafiki wa fulani. Afungue fishi zote. Katika fishi ya ampli yetu kubwa waya ya rangi ya kijani na manjano imekatwa. Aliyeikata alitaka mngurumo uishe, na kweli uliisha. Kisha tununue waya nzuri ya ngita, metre sita, sababu ile ya sasa imeshonwa na sparadra. Kama kitu kinabaki, chombo kile kinunuliwe, na sisi hatutapinga.

Mwenzetu aliyeanguka anasema hatashika tena ngita mpaka aone ile chuma ndani ya udongo. Kwaya inakutana siku ya ine kisha masomo. Mwenye kuwa na chuma kirefu kwao nyumbani, alete.